SOMO: KUDOKOA NA KUIBA



Katekisimu ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, inapoeleza wajibu wetu kwa jirani, haikukataza wizi peke yake. Ilikataza na udokozi. Mtoto anayedokoa nyama haondoki na chungu kizima. Huchukua kipande kimoja tu, akitumaini hakitajulikana. Ndivyo tufanyavyo hata sisi watu wazima. Chenji iliyozidi dukani twaiita bahati. Kalamu ya ofisini twaiita yetu. Fedha iliyotumwa kwenye simu yetu kwa makosa twakawia kuirudisha mpaka mwenyewe achoke kuidai.

Nilipokuwa nikifundisha, siku moja nilimchapa kijana viboko vinne kwa kuchukua penseli ya mwenzake. Jioni nilimkuta mwanangu akichora sakafuni kwa chaki. Nikamwuliza, "Umeipata wapi?" Akajibu, "Si zile unazotuletea, baba?" Zilikuwa chaki za shule.

Hiyo ndiyo hatari ya udokozi. Mwizi hujua kwamba ni mwizi. Lakini mdokozi hujiona mwema, tena huwahukumu wengine.

Basi, tufanyeje? Majuto peke yake hayatoshi. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 6, aliyedhulumu aliamriwa kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Tufanye hesabu: aliyedhulumu shilingi 1,000 atarudisha shilingi 1,200. Naye Zakayo, katika Luka 19, alipita hapo. Aliahidi kurudisha mara nne.

Kesho yake nilinunua boksi la chaki, nikampelekea mtunza stoo na kumweleza sababu. Niliona aibu sana. Lakini yule kijana sikumwomba radhi, maana niliona ni fedheha mwalimu kumwangukia mwanafunzi. Akamaliza shule, akaenda zake, nami sikumwona tena. Chaki zilirudi, viboko havikurudi. Kwa hiyo nawasihi, rudisheni mapema, mwenyewe angali yupo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Ni kitu gani kilichomo nyumbani mwetu ambacho si chetu?
2. Je, yuko mtu tuliyemhukumu kwa kosa ambalo nasi tunalifanya?
3. Watoto wetu wanajifunza nini kwa vile tunavyowaletea?