Jenereta kwenye soketi

*Umeme ukikatika, fundi wa mtaani anasema nichomeke jenereta kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima iwake. Ni salama? – Mama Wawili, Nkuhungu, Dodoma*

Hapana, mama, umefanya vizuri kusita. Umeme wa jenereta hurudi hadi kwenye transfoma, ambayo huupandisha kufikia maelfu ya volti; fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, anaweza kufa. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA afunge swichi ya kubadilishia, inayotenga nyumba na laini.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hata kama unahofia wezi (mnyororo unatosha). Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Mkiumwa kichwa au kuona kizunguzungu, tokeni nje, kisha hospitali mara moja.