Jua Haki Zako: Ada ya UCR na Barua Zinazojifanya za Serikali

Ikifika Oktoba, mwenye lori Marekani huanza kupokea barua nyingi kuliko kadi za Krismasi. Bahasha ina picha ya tai, namba yako ya DOT (Wizara ya Usafirishaji) imechapwa juu kwa herufi nene, na katikati kuna maneno mekundu yanayosema hili ni tangazo la mwisho. Shuka hadi kwenye herufi ndogo za chini kabisa, ambako wengi hawafiki, na mara nyingi utaikuta kampuni ikikiri kwamba haina uhusiano wowote na serikali. Inakuuzia huduma ya kukujazia fomu.

Usishtuke kwamba wanaijua namba yako. Jina la kampuni yako, anwani, namba ya DOT na idadi ya malori ni taarifa za wazi, na mtu yeyote anaweza kuzitazama kwenye tovuti ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori. Kampuni hizo hazivunji sheria kwa kuuza huduma. Ila hakuna sheria inayokulazimisha kumpitia mtu wa kati, na kwa Waswahili wengi wanaoendesha malori yao wenyewe, hapo ndipo pesa inapovujia bure.

Barua nyingi za msimu huu huhusu UCR, usajili wa kila mwaka kwa wanaosafirisha mizigo au abiria kutoka jimbo hadi jimbo. Ulianzishwa na sheria ya mwaka 2005, na fedha zake hurudi kwenye majimbo. Unakuhusu ikiwa gari lako la biashara lina uzito wa ratili 10,001 au zaidi, au linabeba watu zaidi ya kumi pamoja na dereva, au lina mzigo wa hatari unaohitaji mabango. Madalali wa mizigo na kampuni za kukodisha malori wanalipa pia, hata kama hawaendeshi gari hata moja.

Kuanzia mwaka wa usajili wa 2025, mwenye lori moja au mawili hulipa dola 46. Malori matatu hadi matano ni dola 138, na sita hadi ishirini ni dola 276. Trela hazihesabiwi. Ukiletewa ankara inayozidi hapo, uliza ziada ni ya nini, kisha ufungue ucr.gov ulipe mwenyewe.

Kuna hoja mbili ambazo madereva hupenda kupeana kwenye vituo vya mafuta, na zote zinagharimu. Ya kwanza: “Niko Arizona, hainihusu.” Ni kweli kwamba majimbo yanayoshiriki ni 41, na kwamba Arizona, Florida, Maryland, New Jersey na mengine machache hayamo. Lakini mwenye kampuni huko akivuka mpaka wa jimbo analipa kama wengine, kupitia jimbo jirani linaloshiriki. Ya pili: “Lori langu halitoki nje ya jimbo.” Kinachotazamwa ni safari ya mzigo. Kontena lililoshuka bandarini likielekea jimbo lingine linaweza kuwa biashara ya kati ya majimbo, hata kama wewe umelibeba maili ishirini tu.

Ukisimamishwa kwenye mizani, askari huingiza namba yako ya DOT kwenye kompyuta na kuona kama umelipa. Jimbo haliruhusiwi kukudai stika au cheti cha UCR ndani ya kebini, kwa hiyo usinunue kibandiko cha mtu. Ukikutwa hujalipa, faini inategemea jimbo, na kwa kawaida huzidi ada yenyewe kwa mbali.

Idadi ya malori unayolipia hutokana na MCS-150, fomu ya FMCSA ya taarifa za kampuni, uliyoijaza mara ya mwisho, au malori uliyoendesha katika miezi 12 iliyoishia Juni 30 ya mwaka uliotangulia. Uliuza lori la tatu na hukusasisha fomu? Unaweza kulipishwa dola 138 badala ya 46. Fomu hiyo ni bure, na lazima isasishwe kila baada ya miaka miwili. Tarakimu ya mwisho ya namba yako ya DOT ndiyo mwezi (1 ni Januari, 0 ni Oktoba), na ile inayoitangulia huamua kama zamu yako ni mwaka wa shufwa au wa witiri. Namba inayoishia 47 ina zamu ya Julai, mwaka wa shufwa. Ukipitisha muda, namba inaweza kufungwa, na lori lisilo na namba hai halipakii mzigo.

Sasa niseme na wale walioweka lori lao chini ya kampuni ya mtu mwingine, kwa sababu ndio wanaoumizwa kimyakimya. Kama unatumia namba ya DOT ya kampuni, ni kampuni inayolihesabu lori lako kwenye UCR yake. Ikitaka kukukata hela hiyo, au ya bima, au ya kitu kingine chochote, makato lazima yaandikwe kwenye mkataba wa kukodisha, pamoja na namna yanavyokokotolewa. Hivyo ndivyo inavyosema kanuni ya 49 CFR 376.12. Kanuni hiyohiyo inakupa haki ya kuona nyaraka za kuthibitisha makato hayo. Unapaswa kulipwa ndani ya siku 15 tangu uwasilishe karatasi za safari. Kama unalipwa kwa asilimia, una haki ya kuona ankara halisi ya mzigo, siyo ile ambayo dispacha amekusimulia kwa simu. Na ukiondoka, akiba waliyokushikia lazima irudishwe ndani ya siku 45, pamoja na hesabu ya kilichokatwa.

UCR haifuti madeni mengine. Fomu 2290 ya IRS, ya kodi ya malori mazito ya ratili 55,000 na kuendelea, inadaiwa kufikia Agosti 31 ikiwa lori lilitumika Julai. Leseni ya IFTA, ya kodi ya mafuta, hufanywa upya kila mwaka, nayo hesabu ya mafuta hupelekwa kila robo mwaka hata kama lori lililala.

Kwa barua iliyo mkononi mwako leo, soma mistari ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Usajili wa mwaka unaofuata hufunguliwa Oktoba 1, na askari wa mizani huanza kuukagua Januari 1.