UCHAFU NAO HUJIBU: SOMO LA PENSELI

Muhula uliopita nilichuna ngozi nyembamba ya kitunguu, nikaiweka chini ya hadubini na kuchora nilichokiona. Mwalimu akacheka. Ile "seli ndefu" yangu kumbe ilikuwa uzi wa sweta! Alama zikaenda. Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, wanaopima kitu chenye unene wa atomu moja hufanyaje?

Basi chukua penseli yako. Ndani yake mna grafiti, madini yapatikanayo kwa wingi huko Mahenge, Tanzania. Grafiti ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Ukurasa mmoja huitwa grafini. Kurasa milioni 3 hivi ndizo hufikia unene wa milimita 1! Mwaka wa 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliutenga kwa selotepu tu. Mwaka wa 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Matayarisho ni haya:

1. Bandika grafiti kwenye selotepu, kunja, bandua. Rudia mpaka tabaka ziwe nyembamba kabisa.

2. Gandamiza selotepu juu ya kipande cha silikoni, kisha bandua polepole. Tafuta tabaka nyembamba zaidi kwa hadubini ya kawaida.

3. Ihamishie kwenye wavu wa shaba wenye upana wa milimita 3, ikae juu ya tundu.

4. Safisha: wavu hupashwa moto mahali pasipo hewa ili gundi na mafuta vitoke.

5. Peleka kwenye hadubini ya elektroni. Nguvu ikizidi, atomu hung'olewa, kwa hiyo wengi hutumia volti 60,000 hivi. Elektroni zikipita hupoteza nishati, na kiasi kilichopotea hueleza atomu ni ya elementi gani.

Hatua ya nne si mchezo. Gundi na mafuta ya vidole pia vina kaboni. Ukiuliza sampuli, "Wewe nani?" uchafu nao utajibu, "Kaboni!" Utaandika uongo ukidhani ni ukweli, kama mimi na uzi wangu.

Wachuma chai wa hapa Ndanai wanajua: jani kuukuu likiingia kikapuni, mzigo wote waweza kukataliwa. Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Siku hizi nafuta kioo mara mbili kabla ya kuchora. Nawe je?

Panapo majaliwa, tukutane toleo lijalo.