Mbwa Ana Mwenyewe

Katika vijiji vyetu mbwa ni wengi. Tunafuga mbwa walinde nyumba usiku. Tunafuga mbwa wafukuze nyani na ngedere shambani. Wachungaji huenda nao machungani ili fisi asiguse ndama. Mbwa ni mfanyakazi. Hadai mshahara wala haombi likizo.

Lakini hebu tujiulize: mfanyakazi huyu tunamtunzaje? Ng'ombe akitoka zizini, mwenyewe hutoka mbio kumtafuta. Mbuzi asipoonekana jioni, watoto hawalali. Mbwa je? Asubuhi anaondoka zake. Anapita sokoni, anapita shuleni, anafika jalalani. Akirudi, sawa. Asiporudi, hakuna anayeuliza. Siku akimwuma mtoto wa watu, ndipo tunasikia: "Ah, yule mbwa si wangu bwana. Anakuja tu hapa kula."

Somo letu la leo ni hili: kila mbwa lazima awe na mwenyewe. Na mwenyewe ana kazi nne: amwelewe mbwa wake, amfunge vizuri, amlishe, na amchanje. Kazi hizi zikiachwa, wanaoumia ni watu, na hasa watoto wetu.

MBWA ANASEMA, TUMSIKILIZE

Mbwa hana maneno, lakini anasema kwa mwili wake. Mara nyingi kabla ya kuuma hutoa onyo. Tatizo ni sisi kutolijua onyo hilo.

Mbwa mwenye amani mwili wake umelegea. Mdomo uko wazi kidogo, na mkia unacheza pamoja na kiuno kizima. Mbwa mwenye hasira hukakamaa. Manyoya ya mgongoni husimama, anakukazia macho, ananguruma na kuonyesha meno. Mwingine tena amefyata mkia, masikio ameyalaza nyuma, anarudi kinyumenyume. Huyo ana woga. Jamani, mbwa mwenye woga msimchezee! Akikosa njia ya kukimbilia, anauma.

Wengine husema, "Akitikisa mkia hana neno." Si kweli siku zote. Mkia uliosimama wima na kutikisika harakaharaka, huku mwili umekakamaa, si salamu.

Tuwafundishe watoto mambo haya:

1. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala, au anayenyonyesha.

2. Usimtupie mawe mbwa aliyefungwa. Anakumbuka.

3. Mbwa akikujia kwa ukali, usikimbie. Mbio humfanya akufukuze. Simama wima kama mti, mikono ubavuni, usimtazame machoni. Akitulia, ondoka polepole bila kumpa mgongo.

4. Akikuangusha, jikunje kama mpira. Funika shingo na masikio kwa mikono.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Mbwa huzoea kamba akiwa mdogo. Akifika miezi miwili au mitatu, mvishe mkanda mwepesi shingoni. Siku ya kwanza ataukwangua kwa mguu. Mwache, atauzoea. Baada ya siku chache funga kamba fupi, aikokote huku unamtazama. Kisha ishike wewe.

Mkitembea, mbwa atavuta. Akivuta, wewe simama. Usimpige, wala usimkokote. Ngoja tu. Kamba ikilegea, msifu, mpe kijipande cha ugali, kisha endeleeni. Fanya hivyo kila siku kwa muda mfupi. Kidogo kidogo atajua kwamba akivuta safari inasimama, na akilegeza safari inaendelea. Mbwa aliyefunzwa hivi huongozwa hata na mama mwenye ndoo kichwani.

Njiani mkikutana na watu au mifugo, fupisha kamba. Mweke mbwa upande usio na watu. Usiizungushe kamba mkononi mwako, maana akichomoka ghafla utaumia vidole. Na mtoto mdogo asipewe kumwongoza mbwa mkubwa. Mbwa akiona paka, ni mtoto atakayekokotwa.

KUFUNGA SI KUTESA

Mchana watu wanapita, watoto wanakwenda shule, wageni wanabisha hodi. Wakati huo mbwa afungwe au awe ndani ya ua. Usiku afunguliwe alinde, lakini ndani ya ua wako, si kijiji kizima.

Mkanda wa shingoni uwe mpana, wa ngozi au kitambaa kigumu. Vidole viwili viweze kuingia kati ya mkanda na shingo. Usitumie waya, wala kitanzi kinachokaza. Vitu hivyo hukata shingo, na jeraha huingia funza. Mtoto wa mbwa anakua, kwa hiyo legeza mkanda kila mara.

Kamba iwe na urefu wa kumfikisha kivulini, kwenye maji na pa kulala. Njia nzuri zaidi ni kunyoosha waya kati ya miti miwili, juu ya vichwa vya watu, na kutia pete inayoteleza. Kamba ya mbwa hufungwa kwenye pete hiyo. Hapo anaweza kutembea huku na huku bila kujizonga.

Wako wanaosema mbwa afungwe mchana na usiku kwa kamba fupi, apigwe, alishwe pilipili, ndipo awe mkali. Ndugu zetu, pilipili humwumiza tumbo tu. Na mbwa wa kamba fupi kila siku hupata ukali wa mateso. Siku kamba ikikatika hachagui mwizi na mwenye nyumba.

CHAKULA NA MINYOO

Mbwa mwenye njaa hazuiliki. Atavunja ua, ataiba mayai, atafukua jalala. Mpe chakula angalau mara moja kila siku, hata kama ni makombo ya ugali na mchuzi au dagaa, na maji safi wakati wote.

Tahadhari moja: tukichinja mbuzi au ng'ombe, pengine tunaona malengelenge ya maji kwenye ini au mapafu. Sehemu hizo tusimtupie mbwa. Ndani yake mna vijidudu vya tegu. Vikiingia tumboni mwa mbwa hugeuka kuwa tegu wadogo, na mayai yao hutoka na kinyesi chake. Mtu akila mayai hayo kwa mikono michafu au maji machafu, malengelenge yaleyale huota mwilini mwake. Ugonjwa huu umewatesa sana wafugaji, kwa mfano huko Turkana, kaskazini mwa Kenya. Basi, malengelenge yachomwe moto au yafukiwe chini sana. Na tunawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa.

KICHAA CHA MBWA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi, yaani kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa mtu akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa penye jeraha. Hakiletwi na jua kali, wala na uchawi.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, au aliyekuwa mkali hujificha na kunyamaza. Huuma ovyo, hata miti na mawe. Sauti yake hubadilika. Mate humtiririka, kumeza humshinda, na miguu hulegea. Hufa baada ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaokipata, hadi 99 wamekipata kwa mbwa. Na katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, kama 40 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu hauna haraka. Mara nyingi mtu hukaa miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa, haumwi kitu, kidonda kimepona. Kumbe kirusi kinasafiri taratibu kuelekea ubongoni. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Tiba hakuna.

Lakini kinga ipo. Mwaka 1885, mjini Paris, Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua, akaishi hadi utu uzima. Chanjo za leo ni bora zaidi kuliko ile, ila lazima mtu achanjwe kabla ya dalili.

MBWA AKIUMA TUFANYE NINI?

Tuchukue mfano. Mtoto ameumwa mguuni. Watu wamekusanyika. Mmoja anasema, "Paka mafuta ya taa." Wa pili anasema, "Weka pilipili na majivu." Wa tatu anasema, "Kidonda ni kidogo, tungoje tuone." Nani ana haki? Hakuna hata mmoja. Na huyo wa tatu ndiye wa hatari zaidi. Tufanye hivi:

1. Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Usione ni muda mrefu. Sabuni huua kirusi.

2. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa zaidi ya mara moja, kila moja kwa siku yake. Maliza zote. Jeraha likiwa kubwa, mganga anaweza kuongeza dawa nyingine ya sindano.

3. Mweleze Bwana Mifugo na mwenyekiti wa kijiji. Kama mbwa anaweza kushikwa kwa usalama, afungiwe na atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kirusi mateni alipouma. Lakini mtu asingoje siku 10 ndipo aanze chanjo! Aanze sasa.

4. Mbwa akifa, msimchune wala kumtupa. Mwiteni mtaalamu, maana ubongo wake unaweza kupimwa.

TUNAWEZA KUUMALIZA

Mbwa achanjwe, na achanjwe tena kila mwaka au kama Bwana Mifugo atakavyoelekeza. Siku ya chanjo ya kijiji apelekwe kila mbwa, mkubwa na mtoto. Hapa ndipo kamba inapoonyesha faida. Mbwa asiyejua kamba hafikishwi kwenye sindano. Mwenyewe atamkimbiza asubuhi nzima, mwisho atakata tamaa na kurudi nyumbani.

Wataalamu wanasema, wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kupita. Huko Pemba, baada ya kampeni za kuchanja mbwa, ugonjwa ulikoma mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu hawakukata tamaa. Mbwa wakachanjwa tena, na mwaka 2018 ukakoma tena. Tunajifunza mawili: inawezekana, na tusilale.

Kumbukeni pia, sheria za Tanzania zinamtaka mwenye mnyama azuie hatari yake kwa watu. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa. Maneno ya "si wangu, anakuja kula tu" hayafai. Kama anakula kwako na kulala kwako, ni wako. Kama huwezi kumtunza, usimfuge. Na kama jike lako huzaa watoto wasio na wa kuwachukua, mwulize Bwana Mifugo juu ya kuhasi.

Ndugu wasomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Kwa kichaa cha mbwa, kinga ndiyo peke yake tuliyo nayo. Leo jioni, kabla ya kulala, mtazame mbwa wako. Ana mkanda? Amekula? Alichanjwa lini?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili tatu za mbwa anayetaka kuuma.

2. Kwa nini si vizuri kungoja kuona kama mtu aliyeumwa ataugua?

3. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa kwa nini, na kwa dakika ngapi?

4. Kijijini kwenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa? Mtafanya nini kuhusu waliobaki?