Somo: Majina yetu wakati kompyuta inafanya kazi

Hapa Ariwara, familia iliyokimbia vita huandikishwa mara nyingi: jina la baba, la mama, la watoto, na kijiji walikotoka. Orodha hiyo huleta msaada. Lakini ikifika mikononi mwa wenye silaha, inawaonyesha nani yuko wapi na ametoka kabila gani. Ndiyo maana tunaulizwa: "Majina yetu yamefungwa vizuri?" Jibu la kweli ni hili: yamefungwa, lakini si wakati wote.

Fikirieni sanduku lenye kufuli. Mwizi akilibeba likiwa limefungwa, hawezi kusoma kilichomo. Lakini karani naye hawezi kuandika bila kulifungua. Kompyuta ni vivyo hivyo. Faili iliyohifadhiwa inaweza kugeuzwa maandishi ya siri. Programu inapoifungua, majina hukaa wazi kwenye kioo na katika kumbukumbu ya mashini mpaka kazi iishe.

Jambo hili limekwisha kutokea. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wameingia katika kompyuta zake. Habari za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa, wakiwamo waliopotezana na jamaa zao. Habari hizo zilikuwa katika maandishi ya siri, lakini wavamizi walijifanya watumiaji halali, zikafunguka mbele yao.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Karani afungue habari za familia iliyo mbele yake tu, kisha azifunge.
2. Akiondoka mezani, hata dakika moja, afunge kioo kwa neno la siri.
3. Jioni azime kompyuta kabisa. Kuifunika tu hakutoshi, maana ikilala kumbukumbu yake hubaki hai.
4. Asichomeke flashi wala simu ya mtu mwingine.

Nanyi wazazi na viongozi, msione haya kuuliza. Sheria ya dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za kila mtu.

Maswali ya kujadiliana:
- Nani anaona kioo tunapoandikishwa?
- Ni habari gani tunatoa ingawa msaada hauzihitaji?
- Mtu akidai orodha nzima, kiongozi wetu atamjibu nini?