Piga magoti uione nyumba yako kwa macho ya mtoto

Leo tutazungumza juu ya ajali zinazowapata watoto wadogo ndani ya nyumba zetu. Tumezoea kuogopa malaria na kuhara, na ni haki kuziogopa. Lakini mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitangaza kwamba zaidi ya watoto 2,000 hufa kila siku duniani kwa ajali kama kuungua, kuzama, kuanguka na kunywa sumu. Nyingi kati ya ajali hizo zingeweza kuzuiwa.

Siku moja, nikitembelea nyumba za safu yetu, nilimkuta mama mmoja akilia. Mvua ilikuwa inaanza, naye alitoka mara moja tu kuanua nguo. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alivuta kitambaa kilichokuwa chini ya sufuria, maharagi ya moto yakamwagikia mkono na kifua chake. Jirani mmoja akampaka dawa ya meno. Tuliiosha kwa maji safi ya baridi, tukampeleka mtoto kituo cha afya. Amepona, lakini kovu limebaki.

Mama yule si mzembe. Wengi wetu tuna chumba kimoja tu, ambacho ni jiko, ghala na mahali pa kulala. Hakuna mzazi anayeweza kumwangalia mtoto kila dakika. Kwa hiyo tusingoje macho peke yake yafanye kazi yote. Tubadilishe mahali pa vitu.

Sisi tuliotoka upande wa Goma na Sake, na wenyeji wa Gisenyi pia, tunayajua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikijikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto anakufa, kwa sababu mtoto ni mfupi. Hata nyumbani ni hivyo: hatari ya mtoto iko kwenye kimo chake. Kwa hiyo piga magoti mlangoni, tembea kwa mikono na magoti, ujiulize: naweza kushika nini? Naweza kuvuta nini? Naweza kutia nini mdomoni?

MAMBO YA KUTENGENEZA

1. Moto. Weka mbabula pembeni, mbali na njia ya kupita na mbali na shitingi. Uizungushie mawe makubwa au kizuizi kingine ambacho mtoto hawezi kukivuka. Mpini wa chombo uelekee ukutani. Usiweke chakula cha moto juu ya kitambaa kinachoweza kuvutwa. Usimbebe mtoto mgongoni unaposonga ugali au kuinua sufuria. Mshumaa usiachwe ukiwaka watu wakilala.

2. Makala usiku. Huku Rubavu usiku ni baridi, na wengine huingiza mbabula ndani wapate joto. Ni hatari sana. Makala hata yasipotoa moshi hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inaweza kuua jamaa nzima usingizini. Kabla ya kulala, toa mbabula nje. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au akitapika karibu na makala, mtoeni kwenye hewa safi na mtafute msaada wa afya upesi.

3. Maji. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika maji ya sentimita 5 tu. Beseni ya kufulia imwagwe mara kazi inapokwisha. Ndoo na pipa vifunikwe.

4. Petroli, dawa na javeli. Usitie petroli katika chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto atafikiri ni kinywaji. Weka vyote ndani ya mfuko na uutundike juu, mahali ambapo wewe mwenyewe unanyoosha mkono kuufikia. Usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi.

5. Vitu vidogo. Punje za mahindi, maharagi mabichi, karanga, sarafu, vifungo na betri huweza kuziba koo. Fagia chini kila siku, hasa baada ya kuchagua maharagi.

AJALI IKITOKEA

Akiungua: mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu, asali wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mtoto asipate baridi, nenda kituo cha afya.

Akinywa petroli: usimtapishe na usimpe maziwa. Petroli ikipanda tena inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono au paja lako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Usitie kidole bila kuona kitu. Mwingine akimbie kuita msaada.

Akimeza betri: nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama anacheza vizuri.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KWA MAJIRANI

1. Tulipopiga magoti, tuliona hatari gani tatu?
2. Ni ipi tunayoweza kuiondoa leo bila fedha?
3. Mama akienda kuteka maji, ni mtu mzima gani anabaki na watoto?

Kaka au dada wa miaka sita naye bado ni mtoto. Majirani, tupeane zamu. Ukitaka tuitazame nyumba yako pamoja, mwite mhamasishaji wa afya wa safu yako. Hatuji kumhukumu mtu, tunakuja kupiga magoti pamoja nawe.