Kabla ya Kujimwagia, Tia Kiwiko

Mkazi wa Mbagala au Bunju, Dar es Salaam, hahitaji hita ili aunguzwe na maji bafuni. Simtanki jeusi likishinda juani na bomba la plastiki likipita ukutani, saa nane mchana maji yanatoka ya moto. Kinga ndoo yako asubuhi, ifunike na uiweke kivulini. Ukishachelewa, fungulia yale ya moto kwenye beseni uyafulie nguo. Maji yenyewe ya mgao, usiyamwage.

Ngozi inataka maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 au 38, karibu sawa na joto la mwili. Tumbukiza kiwiko: usipohisi moto wala baridi, oga. Kiganja hudanganya, hasa cha mtu aliyezoea kuepua sufuria.

Maji ya moto huondoa mafuta yanayoilinda ngozi. Yakishatoka, unyevu nao hupotea, ngozi inapauka na kuwasha. Mwenye pumu ya ngozi ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa maji hayo hutuliza muwasho kwa muda mfupi, naye huzidi kuyaongeza. Wanaotumia kisima chenye maji ya chumvi wana shida nyingine: povu halitoki, wanazidisha sabuni, na mabaki yake yanawasha. Tenga walau nusu ndoo ya maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua ya kujisuuzia.

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, wengi huinjika maji. Kwenye ndoo tanguliza ya baridi, ndipo uongeze ya moto, na watoto wakae mbali. Maji ya nyuzi 60 huunguza kwa sekunde chache. Mama aliyejifungua naye, hata bibi na mashangazi wakinikasirikia, akikandwa akandwe kwa uvuguvugu. Damu ya uzazi hutoka yenyewe, haihitaji kutolewa kwa maji ya moto. Kitambaa kilichotoka kwenye maji ya kuchemka kitamwachia malengelenge. Aliyepasuliwa mshono wake usiguswe kabisa.

Kiangazi ni zamu ya harara. Oga maji ya baridi, jikaushe vizuri shingoni na kwapani, na usipake mafuta mazito juu ya vipele.

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu mafuta ya kichwani hayateremki kirahisi kwenye mikunjo yake. Maji ya moto huyaondoa hata hayo machache. Osha kwa uvuguvugu. Mba hauunguzwi ukaisha: unahusiana na fangasi wa ngozi ya kichwa, na duka la dawa lina shampuu yenye ketokonazo. Aliyesuka akaushe mashina kabla ya kufunga kilemba.

Ukimaliza kuoga, jifute kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Muwasho ukizidi wiki mbili, au vipele vikitoa usaha, nenda zahanati.